Nataka kuomba residanse ya farmasi ya hospitali, nianzie wapi?

mwana_kasapa (Lubumbashi)

Jambo ba yaya na ba konfrere bote. Niko Lubumbashi, nilimaliza farmasi mwaka jana, memware nimeshadefandre, jina yangu iko ku Ordre (chama ya bafarmasie). Asubui ninatumikaka mu farmasi moja ya mu kartie, magaribi ninarudiaka ku hospitali kwenye nilifanyiaka staji, ninasaidia mu depo na siku ingine docta wa pediatri ananiita mu tur ya sali (kuzunguka bagonjwa). Mushahara ya kule hakuna, lakini nilisema afazali nisisahau bagonjwa, juu mu farmasi ya kartie unauza parasetamoli na dawa ya minyoo mupaka akili inalala.

Sasa roho yangu inataka residanse. Mwaka moja ao mbili mu hospitali kubwa, mutu mwenye kujua anakuangalia, ukitoka pale unajua kazi. Shida, kila mutu mwenye ninauliza ananipeleka njia yake. Kuko mwenye anasema Marekani, kuko mwenye anasema Kanada juu tunajua kifaransa, ingine ananiambia Ufaransa bakonaka konkuru (mutihani ya kushindania nafasi) ya internati, na mujomba wangu anasema niache hizo safari nifungue depo yangu.

Pointi zangu haziko za kutisha, distinksio mbili, zingine satisfaksio. Kingereza yangu ni ya ba video, nikisikia ninaelewa lakini kusema inakwama mu koo. Chef wangu wa staji nilimuomba leta ya rekomandasio akaniambia "andika wewe mwenyewe, utaleta nitie sinyatire". Na mutu moja wa siber (duka ya internet) hapa mu mji anataka dola 300 ili anifanyie dosie yote, anasema iko na njia ndani.

Mwenye alipitia huko anisaidie, nianzie wapi kweli kweli? Na ile leta niandike mwenyewe ao hapana?

depo_ya_chini

Ule mutu wa siber usimupe hata faranga moja. Njia ndani ya nini? Dosie ya residanse ni kazi yako mwenyewe na watu wenye wanakujua, yeye anakujua wapi? Atajaza jina yako vibaya, atakula pesa, na email yenye atatumia itakuwa yake, siku jibu linakuja analiona yeye, wewe unabaki kumutafuta barabarani. Mi niliona hiyo kwa macho yangu, rafiki yangu alingoja miezi mingi jibu lenye lilikuwa limeshafika.

mama_wa_famasia_bkv (Bukavu)

Mdogo wangu, karibu. Mimi ni wa Bukavu, famasia nilisomea huku nyumbani, baadaye nikaenda Dar es Salaam, ndiyo maana kiswahili changu kimeharibika nusu nusu, mtanisamehe.

Kwanza hilo neno residanse linachanganya watu wengi juu kila nchi iko na lake. Marekani ni mwaka mmoja wa PGY1 (mwaka wa kwanza baada ya diploma), hapo unapita servisi nyingi, na mwenye kutaka anaongeza PGY2 ya upande mmoja, labda magonjwa ya kuambukiza, labda kansa, labda wagonjwa mahututi. Ufaransa ni internati, Québec ni mastaa yenye kufanyiwa hospitali. Huku kwetu Afrika ya mashariki na kusini utatafuta hilo neno na utalikosa, lakini kitu chenyewe kipo, kinaitwa mastaa ya famasia ya kliniki. Muhimbili (MUHAS) wanayo ya famasia ya hospitali na kliniki, Chuo Kikuu cha Nairobi wanayo, na wewe wa Lubumbashi ungeanza kwa kutazama Lusaka, UNZA wanayo, unapita Kasumbalesa kwa basi, hauhitaji ndege. Watu wanaruka hiyo wanaenda kulilia mbali. Na kiingereza chako ambacho kinakwama kooni, miaka miwili ya kusimama mbele ya wagonjwa na walimu wa Lusaka itakifungua kuliko kozi yoyote ya mtandaoni.

Lakini swali lako ni uanzie wapi, na hapo ninajibu tofauti na wengi. Usianze na fomu. Anza na kaye, yaani daftari. Nunua kaye moja ngumu, na kila siku unayoingia sali andika kile ulichobadilisha kwenye dawa za mgonjwa. Jina la mgonjwa usiandike kamwe, weka umri, kilo, ugonjwa, dawa ilikuwa gani, wewe ulisema nini na kwa sababu gani, daktari alikubali ama alikataa, na mwisho wake ikawa nini. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanasahau, na ndiyo yenye thamani.

Nitakupa mfano wangu. Kwenye intavyu yangu hawakuniuliza pointi hata moja. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa pembeni kabisa, kimya muda wote, akaniuliza: tuambie siku daktari alikukatalia. Kaye yangu ilikuwa ndani ya mfuko lakini sikuhitaji kuifungua, nilikuwa ninaikumbuka vizuri. Mgonjwa wa VVU alikuwa kwenye TLD (kidonge kimoja cha VVU chenye dolutegravir 50 mg ndani), wakamwanzishia dawa za kifua kikuu zenye rifampisine. Mnajua rifampisine inaharakisha ini kuvunja dolutegravir, basi TLD ya mara moja kwa siku haitoshi, lazima uongeze dolutegravir 50 mg nyingine, saa 12 baadaye. Niliandika vizuri, nikapeleka kwa docta, nikajiona mtu mkubwa. Docta akanitazama akaniuliza: na hiyo 50 ya peke yake iko depo? Nikanyamaza. Haikuwapo. Akaniambia, basi wewe umeniletea karatasi, haujaniletea dawa.

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaanza kuuliza, nikagundua sehemu nyingine mjini walikuwa nayo, tukaandikiana, ikafika, mgonjwa akaanza. Nilivyomaliza kusimulia, yule mwalimu wa pembeni alicheka kwa mara ya kwanza. Sijui kama ndiyo ilinipa nafasi, lakini maswali yote yaliyofuata yalikuwa juu ya hiyo dolutegravir, ilipatikana vipi, nani alilipa usafiri, tulimfuatilia mgonjwa namna gani, na mimi hapo nilikuwa nyumbani kwangu kabisa.

Sasa wewe uko pediatri, una bahati, makosa ya kilo hayaishi pale. Anza leo.

Juu ya leta: usiandike wewe. Siyo juu ya dhambi tu, ni juu ya kwamba utajisifu kwa maneno ya kila mtu, "mwenye bidii, mwenye nidhamu", na mwenye kusoma ameshaziona leta za namna hiyo mia. Mpelekee chef wako ukurasa mmoja umetoa kwenye kaye, visa vitano, vya kweli, vyenye yeye mwenyewe alikuwepo. Mwambie, chef, nisaidie uandike hivi viwili vitatu unavyovikumbuka. Wengi wanaosema "andika mwenyewe" hawakuchukii, hawakumbuki tu ulifanya nini. Chef ana wanastaji ishirini kwa mwaka, atakumbuka vipi?

ndugu_wa_montreal

Ninaongezea ya Kanada juu mwana_kasapa aliuliza. Mi natoka Lubumbashi pia, Kamalondo, niko huku miaka kazaa.

Québec, residanse ya farmasi ya hospitali njo inaitwaka metrize ya farmakoterapi avanse, iko ku Université de Montréal na ku Université Laval, miezi 16, uko mu hospitali kama rezida na uko na burse. Ni kitu kizuri sana. LAKINI, hapa njo bantu banaanguka, hauwezi kutoka Lubumbashi na diploma yako unaingia moja kwa moja. Unaanza na Ordre des pharmaciens du Québec, banatazama dosie yako banakuambia kitu gani inakosa. Bengi benye bametoka inje banapelekwa ku programu moja inaitwa QeP, ku Université de Montréal, miezi 16 tena, bakufundishe dawa za huku, sheria, staji. Kisha permi. Kisha njo unaomba ile metrize, na pale unashindana na batoto benye basomea huku.

Hesabu mwenyewe: 16 na 16, na kabla ya pale papie, na kisha papie tena. Mi nilifanya QeP, metrize nikaacha, nilikuwa na batoto batatu, nikaenda ku farmasi ya kawaida. Sijute. Lakini kama uko bado peke yako na uko na nguvu, fanya.

Na uchunge, programu zingine za Kanada inje ya Québec ni njia ingine kabisa, kule kuko mitihani ya PEBC (baraza ya mitihani ya bafarmasie ba Kanada), na kingereza. Usichanganye hizo mbili, niliona mutu amelipa mutihani ya PEBC na yeye alikuwa anataka Montréal.

Ufaransa sijui mingi, ila DFMS na DFMSA ninajua juu muke wa kaka yangu aliomba. Ni diploma za badaktari na bafarmasie ba inje ya Ulaya, Université de Strasbourg njo inapangaka dosie. DFMS ni ya mutu mwenye ameshaanza spesialite kwao, DFMSA ya mwenye ameshamaliza. Wewe umetoka tu mu farmasi ya jenerali, hauna spesialite, hautapita pale kwa sasa. Na ukimaliza, ile diploma haikupe ruhusa ya kutumika kule, inahesabu unarudia kwenu.

mwana_kasapa

Aksanti sana ba yaya, kumbe nilikuwa ninatafuta kitu yenye sijue jina yake. Ule wa siber nimeshamukatia simu. Mutu wa Marekani hayuko humu? Juu njo njia yenye bantu banasifuka zaidi huku.

vanco_na_kreatinine

Niko. Nilimaliza PGY1 mu hospitali moja huku Marekani. Mimi ni mwana wa Goma, wa Katindo. Nitakuambia kweli na usiniogope.

Ili uombe residanse huku lazima uwe umetoka ku fakilte yenye bamekubali huku, ao uwe na cheti ya FPGEC, ile ya bafarmasie benye basomea inje, yenye inatolewa na NABP (shirika la mabaraza ya famasia ya Marekani). Wewe ni FPGEC. Kwa ile cheti kuko mambo matatu makubwa: dosie ya masomo yenye inapitia ECE (shirika lenye linapima diploma za inje), TOEFL (mtihani wa kiingereza), na mtihani wenyewe wa famasia, FPGEE.

Dosie. Mwenye alimaliza 2003 na kuendelea anaombwa programu ya miaka mitano hivi ndani ya diploma ya farmasi. Kaa chini na releve zako (karatasi za pointi), hesabu miaka, zote ziko? Na ku Ordre lazima watoe karatasi kwamba una ruhusa ya kufanya kazi, sasa ile namba yako ya Ordre ni kitu ya maana, umefanya vizuri. Kila kitu cha kifaransa kinatafsiriwa kwa kiingereza na mtu mwenye anatambulika, siyo wewe na simu yako.

Sasa sikiliza hii, njo ilinipotezea miezi minane. JINA. Sisi Wakongomani tuko na jina, postnom (jina la pili) na prenom (jina la ubatizo). Ku diploma yangu yalikuwa matatu, ku releve ya mwaka wa pili mtu wa sekretaria aliandika mawili, ku paspoti postnom imeunganishwa na jina, na TOEFL nilijaza mwenyewe prenom mbele. Kwa huku yule ni watu wanne tofauti. Kabla haujalipa kitu chochote, weka karatasi zako zote ku meza moja, tazama herufi kwa herufi, hata alama ya juu ya é, na ile ya paspoti njo itakuwa mfalme. Zenye ziko na kosa, rudia fakilte wazirekebishe ukiwa bado uko huko, ukiwa bado unajua mtu wa sekretaria kwa jina. Ukishatoka mji, ni kulia tu.

TOEFL, wakati wangu ku kusema walitaka 26 juu ya 30. Kusoma na kusikia nilipita mara ya kwanza. Kusema nilianguka mara mbili. Siyo juu sijui, juu nilikuwa ninafikiri kwa kifaransa, saa inaisha niko bado ku "euh". Dawa yangu ilikuwa kueleza bagonjwa bangu kwa sauti, peke yangu mu chumba, kila usiku visa viwili kwa dakika moja moja. Majirani walisema nimekuwa mchungaji.

Na FPGEE inafanyiwa huku Marekani tu. Hiyo inamaanisha viza ya kuja kufanya mtihani, tikiti, hoteli, kabla hata ya residanse. Weka ku hesabu.

Ukishakuwa na FPGEC njo unaingia ku PhORCAS, ile sistemi ya kuombea. Inafunguka mwezi wa 11, programu nyingi zinafunga kati ya mwisho wa 12 na mwanzo wa 1, intavyu ni mwezi wa 1 na wa 2, mwezi wa 3 unapanga listi yako na wao wanapanga yao, kompyuta inaunganisha, na kazi inaanza karibu na mwanzo wa mwezi wa 7. Ile listi panga kwa moyo wako, weka mbele kwenye unapenda kweli, usiseme "hawa labda watanikubali basi niwaweke mbele", ile sistemi haikuadhibu juu ya kuota. Na programu hairuhusiwe kukuuliza umewaweka namba ngapi. Mwenye anakuuliza, cheka tu.

Lakini mbele ya yote, soma mstari wa viza ku kila programu. Zingine zinakubali FPGEC lakini viza hawafanyi. Nilipoteza maombi manne juu sikusoma mstari mmoja.

Leta za rekomandasio ni tatu, na hapa mama_wa_famasia_bkv amesema kweli tupu, tena kwa PhORCAS hauwezi hata kuandika mwenyewe ukaleta sinyatire. Sistemi inatuma email moja kwa moja kwa chef wako, anajaza fomu mwenyewe, wanamuuliza anakujua kwa kazi gani, unaandikaje, unapokea lawama namna gani. Sasa profesere wangu mmoja email yake alikuwa anaifungua mtoto wake. Ile email ilikaa ku takataka wiki tatu. Nilipiga simu, umeme umekatika, anasema ataona kesho, kesho amesafiri. Mwisho nilimwomba binamu yangu aende ofisini kwake na modemu yake na mega, akaketi pale mpaka ikatumwa, siku mbili kabla ya kufunga. Sasa wewe anza mapema, mwulize chef: email gani unafungua kweli?

muzee_ofisine

Kila siku hapa ni kuondoka, kuondoka. Nani atabaki kutazama doze za batoto ba hospitali Sendwe? Mi niko na ofisine (farmasi yangu) miaka 22, sikufanya residanse na bagonjwa bangu bako bazima.

mama_wa_famasia_bkv

Muzee wetu, heshima yako. Mimi nilienda nikarudi, na wakati wa kurudi ndiyo nilikuta hospitali iko tayari kunipa nafasi ya kukaa sali, kabla ya hapo walikuwa wananiona wa kuhesabu makatoni. Lakini swali lako ninalielewa, na mwana_kasapa naye alichunge. Ndiyo maana nilisema Lusaka.

muzee_ofisine

Ya Lusaka siikatae.

mwana_kasapa

Ba yaya, nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimeamua hivi: mwaka huu ninatayarisha ya Lusaka, na papie za jina ninarekebisha sasa kwa yote (nilikuta postnom yangu iko na "k" moja ku diploma na mbili ku releve, vanco umenikomboa). Marekani itangoja mupaka kingereza itoke mu koo. Kila usiku ninaelezea visa mu chumba, mudogo wangu aliuliza mama kama niko mugonjwa.

Chef nilimupelekea ukurasa wa visa vitano. Alisoma, akanyamaza, akauliza: hii ya jantamisine na kreatinine ni wewe? Nikasema ni miye. Akasema ataandika mwenyewe, na akanipa email yenye anafungua.

Na kaye nilianza. Ya jana njo hii: mutoto wa kilo 12, malaria ya nguvu, balikuwa bamehesabu artesunate ya sindano 2,4 mg kwa kilo, njo karibu 29 mg. Nikasema yuko chini ya kilo 20, ni 3 mg kwa kilo, 36 mg. Docta alikataa kwanza, nikamuonyesha karatasi ya OMS (shirika ya afya ya dunia) ku simu, akabadilisha. Sasa ulizo yangu: hii inahesabika kweli, na mi siko ku mushahara ya hospitali?

mama_wa_famasia_bkv

Inahesabika. Uliandika alikubali, lakini hukuandika mwisho wake. Artesunate ni saa 0, saa 12, saa 24. Sindano ya kwanza ilikuwa saa ngapi?

mwana_kasapa

Jana saa kumi ya magaribi.

mama_wa_famasia_bkv

Basi ya 12 ilikuwa saa kumi ya alfajiri, usiku wa gardi, watu wamechoka. Nenda sasa uangalie fishi kama ilitolewa na kama waliandika 36 ama walirudia 29, halafu uwepo leo saa kumi magharibi kwa ile ya tatu. Kisha urudi uandike.